Sanduku la Kuzalia Sungura: Vipimo Vifaavyo Rombo, Kajiado na Kitengela

Katika nchi ya Kajiado, tangu zamani, mtu akitaja mali watu huelewa ng'ombe. Lakini ukame uliodumu misimu mitano mfululizo, tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa mwaka 2022, uliwaonyesha wengi ya kuwa si vema kuweka mali yote katika mnyama mmoja mkubwa, atakaye malisho mengi na maji mengi. Miongoni mwa wanyama wadogo wanaofaa kusaidia nyumba ni sungura. Mkulima wa Rombo, mwenye shamba la vitunguu au nyanya linywalo maji yatokayo mlima Kilimanjaro, hakosi majani ya kumlisha. Na karani wa Kitengela, mwenye kiwanja cha futi 50 kwa 100, hakosi nafasi ya kizimba nyuma ya nyumba. Aghalabu kazi hiyo huwa ya mama wa nyumbani, au ya kijana atafutaye sehemu ya karo yake.

Hata hivyo wako wengi walioanza kazi hii kwa furaha wakaiacha kwa uchungu. Jike alipandishwa vizuri, akalishwa mwezi mzima, akazaa watoto wanane; na asubuhi ya pili watano walikutwa wamelala juu ya waya wa kizimba, wa baridi kama mawe. Mfugaji husema jike huyu hana huruma, au ya kuwa ana mkosi, naye humchinja. Jike wa pili akiletwa, mambo huwa yale yale. Basi yafaa ijulikane ya kuwa mara nyingi kosa si la jike. Kosa ni la sanduku alilozalia, au la kukosa sanduku kabisa.

SUNGURA WA NAMNA MBILI

Lugha yetu ina neno moja kwa wanyama wawili. Sungura yule wa porini, ambaye watoto husimuliwa jinsi alivyomdanganya fisi, na ambaye huonekana jioni akikimbia katika mbuga za Kajiado, si ndugu wa karibu wa sungura wa kizimbani. Yule wa porini hazalii shimoni. Huzaa juu ya ardhi, katika majani, na watoto wake hutoka tumboni wakiwa na manyoya mwilini na macho yaliyofunguka. Baada ya muda mfupi waweza kujisogeza na kujificha.

Sungura wa kufugwa asili yake ni Ulaya ya kusini-magharibi, katika nchi za Hispania na Ureno. Watoto wake huzaliwa uchi, macho yamefungwa na masikio hayasikii, na kila mmoja huwa na uzito wa gramu 40 hata 60 tu. Kwa siku za kwanza miili yao haiwezi kujipa joto la kutosha. Uhai wao hutegemea mambo mawili: kukaa pamoja wakikumbatiana, na kufunikwa na manyoya ambayo mama huyanyofoa tumboni mwake. Mtoto akitoka nje ya kundi katika usiku wa baridi, hata kwa umbali wa hatua moja, hawezi kurudi, na saa chache zatosha kumwua.

Kwa hiyo mtu aliyemwona sungura wa porini akizaa majanini, akadhani kwamba wa kizimbani naye atajimudu hivyo hivyo, amefananisha wanyama wasiofanana.

SHIMO LILILOGEUZWA KUWA SANDUKU

Ili kujua sanduku liwe namna gani, sharti kwanza kujua jike hufanya nini akiwa huru. Sungura wa mwitu wa Ulaya akikaribia kuzaa huchimba shimo dogo, kavu na lenye giza, au hutumia tundu la pembeni katika mashimo ya wenzake. Ndani yake huweka majani makavu na manyoya yake mwenyewe. Akiisha kuzaa, huondoka, na mara nyingi huliziba shimo kwa udongo. Hurudi mara moja tu katika mchana na usiku, hunyonyesha kwa dakika tatu hata tano, kisha huenda zake. Maziwa yake ni mazito sana, na mafuta yaliyomo yapata mara tatu ya yale ya maziwa ya ng'ombe. Ndiyo maana mtoto aweza kungoja siku nzima. Na kwa sababu mama hakai pale, harufu yake haiwavuti wanyama walao nyama.

Katika habari hiyo yamo mambo matatu ya kukumbukwa. Kwanza, mahali pa kuzalia pawe pembamba, pakavu na penye giza. Pili, jike asiyeonekana akilala na watoto wake hajawatupa. Ndiyo desturi yake. Wafugaji wengine humkamata na kumsukuma sandukuni mara nne kwa siku, naye kwa hofu huwakanyaga watoto. Tatu, jike wa sungura hana desturi ya kumbeba mtoto kwa meno kama paka. Katika shimo hapana haja hiyo, maana mtoto hana pa kuangukia. Lakini katika kizimba cha waya, mtoto aliyetoka nje amepotea, mama yake amkanyage au asimkanyage.

VIPIMO

Kosa la kwanza la mafundi wengi ni kutengeneza sanduku kubwa mno, wakidhani ni ukarimu. Sanduku kubwa huwafanya watoto watawanyike, na jike hulipenda kama kitanda chake, akalala humo mchana kutwa na kulichafua. Sanduku dogo mno nalo humfanya jike asiweze kugeuka bila kuwakanyaga watoto. Kanuni ni hii: jike aweze kuingia, kugeuka na kusimama akinyonyesha, wala asipate nafasi ya kujinyosha.

Kwa jike wa kilo 4 hata 5, kama walivyo wengi wa namna za New Zealand White na California, sanduku liwe na urefu wa sentimita 45 hata 50, upana wa sentimita 30 na kimo cha sentimita 30. Jike mdogo wa kilo 3 atatoshwa na urefu wa sentimita 40, upana wa 25 na kimo cha 25. Jike mkubwa wa namna ya Flemish Giant atahitaji urefu wa sentimita 55 hata 60, na upana na kimo cha 35 hivi.

Upande wa mbele, penye mlango, uachwe ukingo wa chini wenye kimo cha sentimita 15, yaani inchi 6. Ukingo huu ndio sehemu kubwa ya siri ya sanduku. Jike akimaliza kunyonyesha huruka kwa ghafula, na mtoto ambaye bado ameshika chuchu huburutwa naye. Ukingo ukiwa wa kimo hicho, mtoto hugota juu yake akaangukia ndani. Ukiwa wa sentimita 5 tu, huvutwa hata nje. Lakini usizidi sana 15, maana jike mzito atalazimika kuruka juu na kuwashukia watoto kwa kishindo. Mbao ya ukingo isuguliwe kwa msasa hata iwe laini, isije ikakwaruza chuchu.

Juu ya sanduku, nusu ya nyuma ifunikwe ili pawe na giza, na nusu ya mbele iachwe wazi. Kifuniko kisipigiliwe misumari, bali kitiwe bawaba au kiwekwe tu, ili mfugaji aweze kutazama ndani bila kulitikisa sanduku zima.

Sakafu itobolewe matundu kumi hivi, kila moja lenye upana wa nusu sentimita, ili mkojo upite. Unyevu ni adui mkubwa kama baridi, kwa kuwa mtoto mwenye ngozi iliyolowa hupoteza joto upesi.

MBAO, KRETI NA BATI

Mbao nyepesi isiyotiwa dawa ya mchwa wala rangi ndiyo ifaayo, maana jike hutafuna kila kilicho mbele yake. Kwa kuwa hupenda hasa kutafuna kingo, fundi aweza kuzivika ukanda mwembamba wa bati, mradi ukunjwe vizuri usibaki ncha ya kukata.

Mkulima wa Rombo au Illasit ana bahati ya kuwa na kreti za mbao za kusafirishia nyanya. Kreti iliyokwisha kazi yake yaweza kukatwa na kuwa sanduku jema, lakini si kama ilivyo. Nafasi zilizo kati ya mbao, ambazo ni nzuri kwa nyanya, ni mlango wa upepo na wa miguu ya watoto. Mbao zing'olewe, zipangwe upya zikigusana, na nafasi zibaki tu karibu na juu. Tena, kreti zilizobeba mazao yaliyopuliziwa dawa zisafishwe kwa maji ya moto na sabuni na kuanikwa juani siku kadhaa kabla ya kutumiwa. Mwenye kupuuza nafasi ndogo kati ya mbao na akumbuke methali isemayo, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sanduku la bati tupu halifai katika nchi hizi. Usiku huwa baridi na kutoa jasho ndani, mchana huwaka. Maboksi ya karatasi ngumu yaweza kusaidia siku ya dharura, lakini hulowa haraka, na lililotumika mara moja litupwe.

JOTO LA ROMBO, UPEPO WA KITENGELA

Kajiado ni kaunti kubwa, na sanduku moja halifai kila mahali bila mabadiliko. Kitengela iko katika uwanda wa Athi na Kapiti, katika kimo cha zaidi ya mita 1,500, mahali pa wazi penye upepo. Na mji wa Kajiado uko juu zaidi. Katika miezi ya Juni, Julai na Agosti usiku huwa wa baridi kali. Huko sanduku liwe la mbao nene, kuta zake zisiwe na nafasi, mlango wake uelekezwe mbali na upepo, na kizimba chenyewe kiwe na pazia la gunia la kushushwa jioni. Chini ya matandiko yaweza kuwekwa kipande cha boksi la karatasi ngumu ili baridi isipande kutoka chini, nacho kitobolewe matundu yalingane na yale ya sakafu.

Rombo iko chini zaidi, mashariki ya mlima, na jua lake la mchana ni kali. Huko hatari ya pili ni joto. Watoto walioteketea kwa joto si wachache kuliko waliogandishwa na baridi, hasa kizimba kikiezekwa bati bila dari ya nyasi. Kwa Rombo sanduku litobolewe matundu zaidi karibu na juu, katika ukuta wa nyuma na wa pembeni, ili hewa ya moto itoke. Sakafu yaweza kuwa ya waya wenye matundu madogo badala ya mbao. Na manyoya yakizidi, mengine yaondolewe mchana na kuwekwa kando, kisha yarudishwe jioni. Kizimba kiwe chini ya mti au kivuli cha banda.

Watoto wenyewe husema hali yao kwa jinsi walivyolala. Wakiwa wametawanyika, kila mmoja peke yake, wekundu na wakihema, wamezidiwa na joto. Wakiwa wamerundikana, ngozi imekunjamana na rangi imefifia, wana baridi au njaa. Wakiwa wamekaa pamoja kwa utulivu, matumbo ya mviringo yenye weupe wa maziwa ukionekana kupitia ngozi, basi sanduku ni jema na mama anafanya kazi yake.

SIKU YA KULIWEKA

Mimba ya sungura ni siku 31 hivi. Wengine huzaa siku ya 30, wengine ya 32. Sanduku liwekwe kizimbani siku ya 28. Likiwekwa mapema mno, jike atalifanya choo. Likichelewa, atazalia juu ya waya. Mfugaji na aandike kwa chaki juu ya mlango wa kizimba. Kwa mfano, jike aliyepandishwa tarehe 1 Machi awekewe sanduku tarehe 29 Machi, na atarajiwe kuzaa yapata tarehe 1 Aprili. Karani ambaye kazi yake ni kuandika tarehe za watu wengine asishindwe kuandika tarehe ya sungura wake.

Chini kabisa yawekwe maranda ya seremala, yasiyo na vumbi, kimo cha sentimita 3 hata 5. Juu yake sanduku lijazwe nyasi kavu na laini, kama zile za Boma Rhodes, na kwa mkono pafanywe shimo dogo upande wa nyuma. Nyasi zenye kuvu au miiba zisitumiwe. Jike mwenyewe ataongeza nyasi akizibeba kinywani, na usiku wa kuzaa atanyofoa manyoya. Siku hizo maji yasikosekane hata saa moja, kwa kuwa jike mwenye kiu, au aliyeshtushwa na mbwa na watoto, ndiye aelekeaye kuwala watoto wake.

BAADA YA KUZAA

Siku ya kwanza, jike akipewa majani ya kumshughulisha, mfugaji anawe mikono, aisugue kwa nyasi za kizimbani, kisha atazame. Ahesabu watoto, aondoe waliokufa na takataka za uzazi. Mtoto aliyekutwa nje akiwa baridi asitupwe upesi; apashwe joto kwa viganja au kitambaa cha uvuguvugu kwa muda, maana wengi walioonekana wafu wamerudi.

Jike ana chuchu 8 hata 10. Akizaa watoto 12 na mwenzake akazaa 5, watoto wa ziada waweza kupewa mwenzake, mradi umri wao usitofautiane kwa zaidi ya siku mbili au tatu. Kwa sababu hiyo ni busara kuwapandisha majike wawili siku moja, kila mmoja akiwa na sanduku lake.

Macho hufunguka siku ya 10 hata ya 12. Jicho lililoshikamana lioshwe taratibu kwa maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa. Na watoto wengi wakiwa na macho hayo, ni dalili ya kuwa sanduku ni chafu, na matandiko yabadilishwe huku manyoya safi yakirudishwa. Kati ya siku ya 18 na ya 21 watoto huwa wamevaa manyoya na kula majani, na sanduku litolewe. Matandiko yachomwe moto, mbao zisuguliwe kwa maji ya moto, na sanduku likae juani siku kadhaa.

Adui wengine hawazuiwi na sanduku. Siafu waweza kumaliza watoto wote usiku mmoja. Kwa hiyo miguu ya kizimba isimamishwe katika makopo yenye maji au mafuta machafu ya gari. Panya, nyoka na nguchiro wazuiwe kwa waya wenye matundu madogo.

HESABU YAKE

Mfano mdogo wa kalamu watosha. Majike watatu, kila mmoja akizaa mara nne kwa mwaka, watoto wanane kila mara, wataleta watoto 96. Wakifa watatu katika kila uzazi kwa kukosa sanduku jema, waliopotea ni 36, na waliobaki ni 60. Lakini majike wamelishwa chakula kile kile, na aliyekata majani ameamka saa ile ile. Hasara hii haionekani sokoni kwa sababu hufukiwa nyuma ya nyumba kila asubuhi, mmoja mmoja. Sanduku ambalo lingeizuia ni mbao chache, misumari na kazi ya fundi ya nusu siku, na likitunzwa litapokea vizazi vingi.

Kajiado ina bahati tena ya kuwa na Kituo cha Taifa cha Kuzalisha Sungura huko Ngong, ambapo mfugaji aweza kuona masanduku kwa macho yake na kununua mbegu njema. Wa Rombo walio mbali wamwulize Afisa wa Mifugo wa Loitokitok. Lakini mbegu njema ya New Zealand White, ikizalia juu ya waya mtupu, itakufa sawasawa na sungura wa bei rahisi. Kwa hiyo anayekusudia kuanza asianze kwa kumpeleka jike kwa dume, kisha kumtafuta fundi siku ya 30 usiku. Sanduku na litangulie, dume afuate.